Ndege ya Kujiundia na Fundi wa Kesho

Nchini Marekani sheria humruhusu raia kujiundia ndege, mradi sehemu kubwa ya kazi hiyo ifanywe kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Aghalabu fikra za wajenzi hao huelekea siku ya kwanza ya kuruka. Ni haki yao kuingojea siku hiyo kwa furaha. Hata hivyo, ndege ikishakamilika huanza maisha marefu ya kukaguliwa na kutengenezwa, na muundo usiozingatia maisha hayo una kasoro, hata ukipendeza namna gani.

Mjenzi huweza kupewa cheti cha kuikagua ndege yake kila miezi 12. Lakini cheti hicho hakimfuati mnunuzi. Mara nyingi yeye humwita fundi mwenye leseni, ambaye hakuwapo nyaya zilipofichwa wala mabomba yalipopindwa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Tarehe 12 Oktoba 1997, mwimbaji John Denver alifariki ndege yake ya aina ya Long-EZ ilipoanguka baharini karibu na Pacific Grove, California. Hakuwa yeye aliyeiunda. Michoro ya asili iliiweka vali ya kuchagua tangi la petroli katikati ya miguu ya rubani. Mjenzi aliuhamishia mpini wake nyuma ya bega la kushoto, tena bila alama. Kabla ya safari hiyo, Denver na fundi walijaribu kuurefusha mpini kwa koleo, wasifanikiwe. Wachunguzi waliona kwamba alishindwa kuimudu ndege alipokuwa akijaribu kuufikia. Walitaja pia uhaba wa petroli na uzoefu wake mdogo wa ndege hiyo. Lakini mahali pa mpini palikuwa miongoni mwa sababu.

Wapo watakaosema kwamba kila kifuniko cha ukaguzi huongeza uzito, na kila tundu hudhoofisha bamba. Ni kweli, na ndiyo maana kingo za tundu huimarishwa. Uzito huo mdogo ni gharama halali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao ufa usioonekana hauzibiki.

Basi, kabla ya kulifunga bawa, yafaa mjenzi aingize mkono wenye spana na kuigusa kila nati. Kichujio cha petroli na viungo vya kebo za usukani vifikiwe pasipo kukata kitu. Mipira ya mabomba, ambayo huzeeka, iweze kubadilishwa. Nyaya zipewe namba, na michoro isahihishwe ilingane na ndege ilivyo hasa.

Ndege iliyoundwa vema ni ile ambayo fundi asiyemjua mjenzi ataifungua, ataielewa, na kuirudisha angani salama.