Tusijiletee kunguru wa majini Chala na Jipe

Hakuna mkaazi wa Mombasa anayehitaji kuelezwa kunguru ni nani. Ndiye anayenyakua sambusa mkononi mwa mtoto, anayefumua taka zilizofungwa usiku, na anayekula mayai na makinda ya ndege wenyeji mpaka wamepungua mitaani. Inaelezwa kuwa aliletwa Unguja miaka ya 1890 asaidie kula taka za mji. Kufikia 1947 alikuwa ameshatua Mombasa. Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likatangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Aliyemleta alidhani anaondoa tatizo. Wajukuu wa waliompokea ndio wanaogharamia sumu.

Nimeanza na kunguru kwa sababu twamuona. Kuna jambo la aina hiyohiyo linaloendelea katika maziwa na mito ya Pwani, na kwa kuwa limo ndani ya maji, hatulioni na hatulisemi. Samaki wa asili wa maji baridi wanazidiwa na samaki walioletwa kutoka kwengine. Na aghalabu wanaowaleta si maadui. Ni sisi wenyewe, kwa nia njema na kwa pesa za umma.

Najua msomaji wa mwambao atauliza: haya yanatuhusu nini? Sisi samaki wetu ni changu, tasi na nguru. Ukimtajia mtu wa Mji wa Kale tilapia, atakwambia huyo ni wa bara, ananuka tope. Lakini Pwani si ufuo pekee. Taita Taveta ni moja katika kaunti sita zinazokaa meza moja katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Maji ya Mzima na Baricho tunayokunywa Mombasa, Kilifi na Malindi yanatoka katika mfumo huohuo wa mito wanamoishi samaki hawa. Mto Tana na Sabaki humwagikia baharini kwetu. Linaloharibika juu, huteremka.

Tuanze na Ziwa Chala, karibu na mji wa Taveta. Ni ziwa la kreta, dogo, la kama kilomita nne za mraba, lakini kina chake chakaribia mita 90. Hakuna mto mkubwa uingiao wala utokao. Maji yake mengi hupita chini ya ardhi kutoka upande wa Kilimanjaro. Mpaka wa Kenya na Tanzania umelikata katikati. Ndani yake mna tilapia ambaye kwao ni hapo tu, hana nyumbani kwengine duniani. Wataalamu humuita Oreochromis hunteri.

Jina hilo lina habari ambayo kila mtoto wa Taveta angestahili kufundishwa shuleni. Mwaka 1889 mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London, Albert Günther, alipomchunguza samaki huyu wa Chala, aliona hafanani na aliowajua, akamuundia ukoo mpya akauita Oreochromis, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya samaki wa mlimani. Baadaye tilapia wengi waliingizwa katika ukoo huo. Tilapia anayefugwa Uchina, anayefugwa Misri, anayefugwa Kisumu kwenye vizimba, wote wanabeba jina la ukoo lililoanzia katika ziwa letu. Ulimwengu mzima unatumia jina la mwana wa Chala, na sisi Pwani wengi hatujui kama yupo.

Kusini ya Chala kuna Ziwa Jipe, ambalo nalo twashirikiana na ndugu zetu wa Mwanga, upande wa Tanzania. Jipe halina kina kirefu. Hupata maji ya Mto Lumi, kisha maji yake hutoka kwa Mto Ruvu mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaishia Pangani na baharini. Humo pia mna samaki wake, Oreochromis jipe, ambaye makaazi yake ni ziwa hilo na bonde la Pangani tu. Samaki hawa wawili wote wamewekwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, katika Orodha Nyekundu, kwenye daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hilo ni daraja la mwisho kabla ya kuhesabiwa kuwa hawapo tena porini.

Sasa wageni. Ndani ya Chala wameshaingizwa tilapia wa kutoka kwengine, akiwemo yule aliyepewa jina la mji wa Korogwe. Katika bonde la Pangani, watafiti wameshamkuta tilapia wa Nile, huyu ambaye wafugaji wengi humpenda kwa sababu hukua haraka na hana masharti mengi. Ieleweke kuwa ugeni wa samaki haupimwi kwa pasipoti. Tilapia wa Nile ni mwenyeji halali wa Ziwa Turkana, ndani ya Kenya hii hii. Wa Korogwe ni jirani wa karibu. Lakini samaki huhesabu kwao kwa maji. Akivushwa kutoka mto mmoja akatiwa katika ziwa lisilokuwa lake, ni mgeni hata kama safari ilikuwa ya saa mbili kwa pikipiki.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni akija, mwenyeji haponi, na madhara yake huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni rahisi kuelewa: ushindani. Mgeni mwenye mwili mkubwa na uzazi wa kasi humaliza chakula, huteka sehemu za kutagia, na mwenyeji hubaki kandokando. Njia ya pili ni ya siri zaidi. Tilapia hawa ni wa ukoo mmoja, kwa hivyo huweza kupandana. Wanaozaliwa ni machotara, nao huweza kuzaa. Vizazi vikipita, damu ya mwenyeji huchanganyika mpaka haijulikani tena. Mvuvi atatupa wavu na kupata samaki. Sokoni kutakuwa na samaki. Lakini yule samaki wa asili hatakuwepo tena. Mafuta yakimwagika baharini twaona samaki waliokufa wakielea, tunapiga kelele. Huku hakuna atakayeelea, na ndiyo sababu hakuna anayepiga kelele.

Asiyeamini aende Ziwa Victoria. Mbuta aliingizwa huko miaka ya 1950 na 1960, na tilapia wa Nile akaingizwa kipindi hichohicho. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa ametawala ziwa. Furu, vile visamaki vidogo vilivyokuwa na spishi zinazokadiriwa kufikia 500, viliporomoka, na wataalamu wanakadiria kuwa kama spishi 200 zimepotea. Ngege na mbiru, ambao ndio waliolisha vizazi vya wavuvi, walishakuwa wamevuliwa kupita kiasi kwa nyavu zilizoletwa tangu 1905. Wageni wakaja kuwamalizia nafasi iliyobaki. Leo ukitaka kumpata ngege wa asili upande wa Kenya, unaambiwa uende kwenye maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli kule Siaya, ambako amejificha.

Lazima niwe muadilifu hapa. Mbuta alileta viwanda, ajira na dola. Hilo halikanushiki. Lakini faida ile ilipatikana katika ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Chala ni kilomita nne. Katika ziwa kama hilo hakuna pa kujificha, hakuna Kanyaboli ya kukimbilia. Na faida inayotafutwa kwa kumwaga mgeni humo ni ya debe chache za samaki.

Wageni hawa huingia vipi? Kwanza, kwa siasa za vifaranga. Tangu mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009, uliotoa vidimbwi 200 kwa kila jimbo kati ya majimbo 140, ufugaji wa samaki umekuwa mradi upendwao na waheshimiwa. Ni rahisi, unaonekana, na picha yake ni nzuri: kiongozi ameinama kando ya bwawa akimimina ndoo, vifaranga vinaruka, wananchi wanapiga makofi. Ni nadra mtu kuuliza ndoo ile ina samaki gani, ametoka wapi, na bwawa lile likijaa maji yanakwenda wapi.

Pili, kwa mafuriko. Mvua za mwisho wa 2023 na zile za 2024 zilituonyesha Tana inaweza kufanya nini. Kidimbwi kilichochimbwa bondeni kikifurika, samaki hawaombi ruhusa kuingia mtoni. Muuza vifaranga atakwambia vyake ni madume matupu, haviwezi kuzaana. Ni kweli kuna mbinu ya kuwalisha dawa vifaranga wakawa madume, lakini haifiki asilimia 100 kila mara. Majike wachache wanatosha kuanzisha ukoo. Hata hao madume, wakifika mtoni watawakuta majike wenyeji.

Hapa ndipo ninapotarajia kuulizwa: vijana wale nini, wewe unatuhubiria samaki? Swali ni la haki. Taita Taveta kuna ukame, kuna ndovu wanaoharibu mashamba, na kazi hazipo. Sisemi vidimbwi vifukiwe. Nasema kuna njia ya kufuga isiyoteketeza mtaji, na mtaji wenyewe ni hawa samaki wetu.

Chukua mfano mmoja. Katika mito ya Athi na Tana kuna tilapia wa asili aitwaye Oreochromis spilurus. Huyu anastahimili chumvi kuliko wengi wenzake. Kwa sababu hiyo, nchi za Ghuba, Kuwait na Saudi Arabia, zilimchukua zikamfuga kwa maji ya bahari. Waarabu wa jangwani waliona thamani ya samaki wa mito yetu, nasi tunasaka vifaranga vya Nile tuvitie katika mito hiyohiyo. Kwa mwambao ambao visima vyake vingi vimeingia chumvi, samaki anayestahimili chumvi si kitu cha kuchezea. Ikiwa damu yake itachanganywa mpaka sifa ile ipotee, hatutaipata tena kwa pesa yoyote.

Wala simtwishi mgeni lawama zote. Jipe linasongwa na matete na kujaa udongo unaosombwa kutoka mashamba ya juu, na maji ya Lumi yana wengi wanaoyagombania. Nyavu za matundu madogo zinavua hata vitoto. Mwenyeji aliyekwisha kudhoofika kwa njaa na joto ndiye anayeshindwa haraka na mgeni. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Matete yanaweza kukatwa, udongo unaweza kuzuiliwa, wavu unaweza kupigwa marufuku. Samaki vamizi akishajaa katika ziwa, karibu haiwezekani kumtoa. Mwambao unaohangaika na kunguru kwa zaidi ya miaka 70 unaelewa maana yake.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kifungu cha 42, inakataza kuingiza mnyama yeyote, wa kigeni au wa hapa nchini, katika mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Maneno hayo, "au wa hapa nchini", ndiyo muhimu. Yanamgusa hata tilapia wa Turkana. Katiba nayo, kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde viumbe anuwai. Na uvuvi umegatuliwa, kwa hivyo serikali ya kaunti haina pa kujificha nyuma ya Nairobi.

Ninayoyataka ni machache. Serikali ya Taita Taveta itangaze kuwa hakuna kifaranga cha tilapia wa nje kitakachogawiwa katika maeneo yanayoteremsha maji Chala, Jipe na Lumi. Anayetaka kufuga huko afuge samaki wa hapo. Kaunti za Tana River na Kilifi zifanye vivyo hivyo kwa vidimbwi vya mabondeni. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ambayo makao yake makuu yako hapa Mombasa, iongoze kazi ya kuzalisha vifaranga vya wenyeji ili mkulima asikose mbegu. Wavuvi wa Taveta wafunzwe kumtambua mgeni, kwa kuwa wao ndio watakaomuona mwanzo. Na kwa kuwa samaki hajui mpaka, kaunti ikae na wenzetu wa Mwanga na Rombo. Tukifunga mlango wa mbele na wa nyuma uko wazi, tumefanya kazi bure.

Sisi Waislamu tunafundishwa kuwa ardhi na vilivyomo ni amana, na mwanadamu ni khalifa juu yake, si mmiliki. Amana haichaguliwi kwa ukubwa. Samaki wa kiganja kimoja katika ziwa la kreta ni amana sawa na ndovu wa Tsavo, ingawa hakuna mtalii anayelipa kumpiga picha.

Bajeti ya kaunti hufika mbele ya wananchi kila mwaka kwa maoni kabla ya kupitishwa. Msomaji wangu wa Taveta, wa Garsen, wa Malindi, siku hiyo ukiona mstari ulioandikwa "ununuzi wa vifaranga", inua mkono uulize: ni samaki gani? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.