Kodi ya miezi sita inawashinda watoto wetu



Kuna jambo ambalo wazazi wengi wa mikoani tunalimeza kimyakimya kila Oktoba.

Mwaka jana binti yangu alichaguliwa kujiunga na chuo kimoja cha umma Dar es Salaam, na Bodi ya Mikopo ikamkubalia. Kilichotushinda ni pa kulala. Hosteli za chuo zilikuwa zimejaa, akaambiwa atafute chumba mtaani. Nikapanda naye basi kutoka Songea, tukashuka Mbezi, na kesho yake dalali akaanza kutuzungusha Msewe, Changanyikeni na kwingineko. Kwanza alidai elfu ishirini ya kuoneshwa vyumba, upate usipate. Chumba tulichokipata kilikuwa cha uani, choo cha kushirikiana, mita moja ya LUKU kwa wapangaji saba. Laki moja kwa mwezi. Hiyo laki sikuilalamikia. Nilichoka pale mama mwenye nyumba aliposema, "Mzee, mimi napokea miezi sita. Na dalali ana mwezi wake."

Jumla laki saba na ishirini elfu. Kwa bei niliyouzia mahindi msimu ule, hayo ni magunia 12. Mimi nilikuwa na fedha ya magunia matano.

Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa mwezi ni laki tatu. Mwanafunzi akitoa laki moja ya chumba anabaki na laki mbili za kula, nauli na sabuni. Atabana, lakini ataishi. Kumbe basi anayepewa mkopo anaweza kulipa kodi ya mwezi kwa mwezi. Asichoweza ni kutoa kodi ya miezi sita siku ya kwanza, kabla hajasajiliwa, kabla hajasaini hata hilo bumu lenyewe. Na Julai akirudi nyumbani likizo, chumba kinabaki kitupu huku kodi inahesabiwa. Akikiachia, Oktoba anaanza upya na dalali.

Binti yangu aliishia kubebwa. Ndivyo wenyewe wanavyosema: mwenye kitanda hosteli anambeba asiye nacho, wawili kwenye kitanda cha mmoja, na ukaguzi ukipita mbebwa anajificha. Alikaa hivyo muhula mzima. Tena huyo ana bahati, kwa maana aliyembeba ni msichana mwenzake. Wapo mabinti waliohamia kwa wanaume kwa sababu tu mwanaume ana chumba, na sisi wazazi tunapata habari wakati maji yameshamwagika.

Sitaki kumtwika mwenye nyumba lawama yote. Yule mama aliniambia wazi kwamba kodi ya miezi sita ndiyo inayoezeka chumba cha pili, benki haimkopeshi. Akaongeza kwamba wanafunzi wamewahi kumhama usiku na kumwachia deni la maji. Nilimwelewa. Ila hofu yake ina dawa, na dawa hiyo iko mikononi mwa vyuo. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ishirikiane na serikali za mitaa kuorodhesha nyumba zilizokaguliwa, zenye choo, maji na mlango unaofungika. Chuo kimdhamini mwanafunzi kwa barua, naye akiharibu au akikimbia, chuo kinajua pa kumpata. Kodi ilipwe kwa kufuata bumu linavyotoka, na mwanafunzi akiridhia, Bodi imlipe mwenye nyumba moja kwa moja sehemu ya malazi. Dalali atabaki kwa wapangaji wengine.

Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachwa wamalizane wenyewe. Viongozi wamekwisha kukemea kodi za mkupuo mara kadhaa majukwaani. Mimi nasubiri sheria.

Na kujenga hosteli kunawezekana. Mwaka 2017 yalizinduliwa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 ya hosteli ya kulaza wanafunzi 3,840, yaliyojengwa kwa shilingi bilioni 10. Nimepiga hesabu kwa kalamu yangu: ni kama milioni mbili na laki sita kwa kila mwanafunzi. Anayelipa laki moja uani kwa watu anaifikia fedha hiyo kwa miezi 26, hata shahada hajaimaliza. Simenti imepanda tangu hapo, najua. Lakini mifuko yetu ya hifadhi ya jamii, ambayo ilishiriki kujenga Chuo Kikuu cha Dodoma, inashindwaje kuweka hosteli za bei ya bumu Ubungo, Kinondoni, au Iringa na Mbeya ambako vyuo vimejaa?

Hosteli zitachukua miaka. Orodha ya nyumba na barua ya udhamini havihitaji bajeti ya Bunge. Vyuo vinafunguliwa Oktoba. Wahusika wakianza sasa, watawahi.

Mzazi,
Songea, Ruvuma.