Dhahabu Iliyeyushwa, Udongo Ukasalia

Wengi wetu tusikiapo habari za Wainka wa Peru hukumbuka dhahabu tu. Dhahabu hiyo nyingi haipo tena. Mwaka 1532 Mhispania Francisco Pizarro alimkamata mfalme wao, Atahualpa, huko Cajamarca, akapokea fidia ya dhahabu na fedha, na mwaka uliofuata akamwua vivyo hivyo. Vyombo vya fidia vilitiwa motoni vikayeyushwa, na kazi ya masonara ikapotea. Udongo haukuwa na thamani machoni mwa wavamizi, ndio uliosalia.

Atakaye kuwajua Wainka, basi, na autazame mtungi wao, waliouita urpu. Shingo ndefu, mdomo uliopanuka, tumbo pana, kitako kilichochongoka. Chini una masikio mawili, na begani kichwa kidogo cha mnyama: kamba hupitishwa masikioni ikazungushwa hapo juu, mtungi ukabebwa mgongoni. Wafinyanzi hawakuwa na gurudumu. Waliupandisha udongo kwa mkono. Ndani ilitiwa chicha, pombe ya mahindi, ambayo kwetu ni haramu. Uharamu wa kinywaji hautuzuii kuisifu kazi ya fundi.

Na nakshi zake! Rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe; maumbo ya almasi safu kwa safu; na mstari wenye vitawi pande zote mbili, kila kitawi kikiishia kwa kidutu. Sura za watu ni chache. Mitungi ya namna hiyo yaonekana tangu Ecuador hadi Chile. Dola ile haikuwa na maandishi ya herufi, na mtungi uliotolewa katika karamu za serikali ulikuwa kama mhuri wake: auonaye alijua amekirimiwa na nani.

Chombo kama hicho si pambo la kabati la ugenini. Mwaka 1911 Hiram Bingham, wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alifika Machu Picchu, na vitu vilivyochimbuliwa huko baadaye, vingi vikiwa vya udongo, vikapelekwa Yale. Waperu walidai viliazimwa tu. Shauri likafika mahakamani. Mwaka 2010 wakapatana, na kufikia 2012 vikawa vimerejea Cusco. Karibu miaka mia! Twasema haki imetendeka, ingawa imechelewa. Majumba mengine ya Ulaya na Marekani yaliyo na mitungi ya Wainka nayo yaeleze hadharani kila mmoja ulichimbuliwa wapi, nani aliuchukua, na kwa idhini ya nani.