"Usibebe Kitu Kizito": Agizo la Watu Wawili

Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji, siku ya kuruhusiwa huambiwa maneno yaleyale: kwa wiki sita hivi usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako, kula vizuri, tembeatembea, rudi ukiona dalili mbaya. Anaambiwa yeye. Mume yuko nje anatafuta bajaji. Hoja yangu ni kwamba agizo hilo akipewa mtu mmoja halitekelezeki, hasa kwetu Handeni.

Piga hesabu. Mtoto mchanga ana kilo tatu hivi. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Maji ya mradi wa HTM, wa tangu miaka ya 1970, yanavutwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Yakikatika, tunarudi kwenye madumu, na mara nyingi kichwa kinachobeba ni cha mwanamke. Dada yangu alirudi nyumbani na mshono, siku ya kumi alikuwa kisimani. Shemeji si mtu mbaya. Ni bodaboda, anatoka alfajiri anarudi usiku, na hakuna aliyemwambia kwamba zile wiki sita ni zake pia. Mshono ukaachia, ukatoa usaha, wakarudi hospitali. Hela iliyoishia huko ingemlipa mtu wa mkokoteni awaletee maji mwezi mzima.

Najua wapo watakaosema, "Mambo ya uzazi waachie akina mama." Sawa, na zamani waliyaweza. Arobaini ilikuwa na maana: mzazi hachoti maji, hapiki, ana mama, shangazi na mawifi. Siku 40 na wiki sita za daktari zimepishana siku mbili tu! Kilichobadilika ni nyumba. Siku hizi watu wamepanga chumba mjini, bibi anakuja wiki moja, anarudi shambani. Wanaobaki ni wawili.

Basi hao wawili wakae chini mapema, kabla ya kwenda hospitali. Nani anajaza maji kabla ya kutoka asubuhi? Tunakula nini? Mboga, maharage, machungwa (Tanga hatuna shida ya machungwa) na maji ya kutosha huzuia choo kigumu, maana kujikamua kunaumiza mshono. Nani anaukagua mshono kila siku? Homa, usaha au harufu mbaya ni safari ya hospitali, siyo ya duka la dawa. Na lile la chumbani wasilionee haya: wasubiri kidonda kipone, kisha waende kliniki pamoja kuulizia uzazi wa mpango. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine.

Na siyo uzazi tu. Nikiwa TP Korogwe, mwalimu mmoja alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Wiki ya pili akajiona mzima, akataka kwenda shamba. Mkewe akaficha jembe. Jioni walitembea wote wawili, leo hadi kwa jirani, kesho hadi shuleni, kila siku wanaongeza kidogo. Sigara nazo waliziaga, kwa sababu huchelewesha kidonda kupona na kikohozi chake hukivuta. Alirudi darasani salama. Hakuwa na pesa kuliko shemeji yangu. Alikuwa na mtu waliyepanga naye.

Ninachoomba ni kidogo. Wauguzi, siku ya kumruhusu mgonjwa, mwiteni na mwenzake ndani asikie kwa masikio yake. Wenzangu wa ualimu, wengi wetu tutapangiwa wilaya zenye shida ya maji kama Handeni. Ukipanga zamu za kuchota maji shuleni, usiwaachie wasichana peke yao. Mvulana aliyezoea dumu akiwa darasa la tano hatasubiri muuguzi amwambie abebe.