Askari wa Shaba na Wapagazi Wasio na Majina

Ndugu msomaji, pita siku yoyote pale Samora inapokutana na Azikiwe, utawakuta wageni wamesimama juani wakiipiga picha sanamu ya Askari. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Mjerumani von Wissmann, waliyoiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Mtawala kang'oa sanamu ya mwenziwe kaweka yake, nasi leo twaiita kivutio cha utalii!

Juu ya masanamu dini yetu imekwisha sema, sina la kuongeza. Nililo nalo ni jingine.

Kule Leshan, China, iko sanamu ya Budha iliyochongwa jabalini, kimo chake mita 71. Ilianzwa mwaka 713, ikamalizika 803. Imani ile si yetu. Lakini mtawa Haitong aliianza kwa kuwahurumia wenye mashua waliokuwa wakizama mitoni pale, na habari hiyo ingali yasimuliwa. Je, sisi twamsimulia mgeni nini?

Mwulize kijana auzaye nguo Mtaa wa Kongo: Kariakoo maana yake nini? Atakujibu, "Jina tu, mzee." La hasha! Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowekwa kambi hapa hapa petu. Walibebeshwa unga na risasi vichwani, wakafa kwa maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri, ikaomba radhi, kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Nairobi mpagazi angalau kachongwa pamoja na askari. Hapa kwetu katajwa kibaoni tu, kwa jumla. Hata bandarini kila mzigo huandikwa jina la mwenyewe!

Wako watakaosema utalii waleta fedha. Na ulete. Fedha haimzuii mtu kumkumbuka babu yake.

Basi wewe ambaye kwenu husimuliwa mzee aliyechukuliwa asirudi, liandike jina lake, la baba yake na la kijiji chake, umpelekee imamu wako asomewe khitma. Jirani yako Mkristo naye alipeleke kanisani kwake. Daftari moja la shule latosha kuanzia.