Watakaojua Hukufika

Parokiani kwetu hapa Houston, Jumapili tunajaa mamia. Nisipofika, kiti changu hukaliwa na mwingine na Misa inaendelea. Katika jumuiya yetu ya familia 9, nisipofika simu inalia kabla ya sala ya mwisho.

Jumuiya ndogondogo si ngeni kwetu. Maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele miaka ya 1970, ili Kanisa liishi pale majirani wanapoishi. Huku ughaibuni jirani yuko nusu saa kwa gari, na kila mtu ana shifti yake. Basi tunakutana Jumamosi mbili kwa mwezi, nyumba kwa nyumba. Tunasoma Injili ya kesho yake, kila mmoja anataja neno lililomgusa, watoto nao wakiwemo. Tunaombeana kwa majina, kisha chai na maandazi.

Mama alipofariki Moshi, makaratasi yangu hayakuniruhusu kusafiri. Ndugu hawa walilala sebuleni kwangu siku 3. Rozari walisali wao. Mimi sauti ilikuwa imekauka.

Ndugu msomaji, kama huna jumuiya, familia 3 zinatosha kuanza. Piga simu leo.