Kompyuta imejaa? Ongeza diski, usifute kumbukumbu za familia

KOMPYUTA ya mezani ikijaa, nyumba nyingi hukimbilia kufuta. Mtoto anaambiwa apunguze mafaili, naye anaanza na asiyoyatambua: harusi ya wazazi, video ya mavuno ya kahawa, sura ya bibi aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Nafasi inapatikana, lakini sehemu ya historia ya ukoo imekwenda.

Kwa familia ya Mkumbi au kwingineko Mbinga, ambayo watoto wake wako Songea na Dar es Salaam, picha hizo huenda ndizo pekee zinazowaunganisha wajukuu na wazee wao. Kabla ya kufuta, mzazi afikirie kuongeza diski ya pili ndani ya kasha la kompyuta. Ile ya zamani inaendelea na kazi yake, mpya inatunza picha. Diski ya terabaiti 1 hubeba picha zipatazo 250,000 za megabaiti 4 kila moja. Windows ikionyesha gigabaiti 931, mzazi asidhani ameibiwa. Kiwanda na Windows huhesabu kwa vipimo tofauti.

Kabla ya kununua, fungua kasha uangalie mambo matatu: nafasi ya kufunga diski nyingine, tundu la SATA lililo wazi kwenye ubao mkuu, na kichwa cha waya wa umeme kisichotumika. Kompyuta ndogo za mtumba zilizotoka maofisini wakati mwingine zina nafasi moja tu. Uliza pia kama diski inauzwa na waya wake wa data, maana mara nyingi huuzwa peke yake.

Kazi yenyewe inahitaji bisibisi na utulivu. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika diski, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuiharibu. Funga diski kwa skrubu isicheze. Waya mwembamba wa data unaunganisha diski na ubao mkuu. Ule mpana zaidi unaleta umeme. Vichwa vyote viwili vina umbo la herufi L, hivyo huingia upande mmoja tu. Kikigoma, geuza; usilazimishe.

Ukiwasha, usishtuke kama diski mpya haionekani. Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sehemu ya kusimamia diski, uiandae kwa kuchagua GPT, kisha NTFS. Hapa ndipo pa kuwa makini: soma ukubwa wa diski mara mbili kabla ya kukubali kufomati. Ukichagua ile ya zamani, picha zitafutika zote.

Kama kazi anapewa fundi, mzazi akae naye hadi amalize. Humo ndani mna vyeti na picha za watoto, si vitu vya kuachwa dukani usiku kucha.

Lipo kosa moja linalowagharimu wengi. Wakishanakili picha kwenye diski mpya, wanazifuta kwenye ile ya zamani na kwenye simu, wakidhani ziko salama. Kitu kilichopo mahali pamoja tu hakina akiba. Hata zikibaki kwenye diski zote mbili, kasha ni moja: radi ikipiga wakati wa masika, au mwizi akilibeba, zinakwenda pamoja. Weka nakala nyingine kwenye diski ya nje, uipeleke kwa shangazi Mbinga mjini au kwa ndugu Mbamba Bay. Waswahili husema akiba haiozi, lakini sharti iwekwe panapofaa.

Baada ya hapo, mketishe mtoto na babu mbele ya kompyuta. Babu ataje nani yuko kwenye kila picha na ilikuwa mwaka gani, mtoto aandike. Diski hutunza sura. Majina yako kichwani mwa mzee, na hayo hayana nakala.